Joto la jua majumbani, Njoro

Kikusanya joto la jua ni chombo cha paani kinachopasha maji moto: bamba jeusi lenye mabomba, limefunikwa kwa kioo. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu ya bamba, na ya baridi hushuka kushika nafasi yake, hivyo pampu haihitajiki. Njoro, kata ya Manispaa ya Moshi, iko nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo bamba huelekezwa kaskazini kwa mwinamo mdogo. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi hula karibu uniti 4.7 za umeme, mzigo mzito kwa LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya familia, na hapo ndipo chombo hiki kinastahili kuthaminiwa zaidi kuliko ilivyo sasa. Mawingu ya masika hupunguza joto, ndiyo maana matangi mengi huwekwa koili ya umeme ya akiba.

Kuzalisha umeme kwa joto la jua, tofauti na kupasha maji, hudai vioo vingi na mitambo ya mvuke, kama katika kituo cha Ouarzazate, Moroko, tangu 2016. Kwa umeme wa nyumba moja, zinazofaa ni paneli za sola.