Mkono Umwinuao Msanii

Sanaa ni mti; haistawi bila maji, na mtia maji si lazima awe mwenye shamba. Basi, msomaji, usikiapo kuwa kijana amepewa fungu la fedha ili akuze kipawa chake kwa faida ya watu wake, uliza mambo mawili: nani ametoa, na watu wa kwao watapata nini? Historia ya Nairobi yaweza kutujibu.

Mitaa ya mashariki ya mji huu, kama Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Vyumba vilikuwa finyu, lakini Kaloleni ilipojengwa katika miaka ya 1940 ilipata ukumbi wake, na humo watu walicheza dansi na kujadili uhuru. Sanaa ilipata paa. Msanii mwenyewe hakupata mfadhili.

Mwaka 1963 kilianzishwa Nairobi kituo cha Chemchemi chini ya Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni. Vijana walifundishwa kuandika, kuigiza na kuchora. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanganyika, alifanya kazi humo, na mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha Paa ya Paa. Fedha za Chemchemi zilitoka kwa shirika la Paris lililojiita Baraza la Uhuru wa Utamaduni. Katika miaka ya 1966 na 1967 ilifichuka kwamba shirika hilo lililishwa kwa siri na CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Waliofunzwa hawakuwa na hatia, na elimu yao haikuwa bandia. Lakini walikunywa kisimani pasipo kujua nani amekichimba, wala kwa nini.

Sasa tazama Mukuru, penye vibanda vya mabati kando ya viwanda. Mwaka 2004 vijana wachache walianzisha Wajukuu. Hawakungoja mfadhili. Walichonga na kuchora kwa vitu vilivyotupwa, wakawafundisha watoto wa jirani. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, katika maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo documenta. Walijenga lango la mabati kama ya kwao, wakatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Waandalizi, kundi la Indonesia liitwalo ruangrupa, walitumia mfano wa lumbung, yaani ghala ya mpunga ya kijiji: vikundi vilivyoalikwa vilikuwa na mfuko wa pamoja, na kuamua pamoja matumizi yake.

Hapo pana tofauti kubwa. Katika njia ya kwanza mtoaji alijificha. Katika ya pili mpokeaji aliketi penye ghala. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Nasi tuongeze: chanda kijue pete imetoka wapi. Ukijaliwa kipawa, usione haya kusaidiwa, kwani mkono mmoja haulei mwana. Lakini anza kazi kabla ya msaada, ujue asili yake, na mtoto wa jirani apate fungu lake.