Dakika Tatu za Santuri

Kwetu Butula, Jumapili baada ya misa, mzee alikuwa na desturi moja: nyimbo za kantri za Jim Reeves. Redio ya kaseti inatolewa nje, inawekwa juu ya stuli chini ya mwembe. Nyanya, ambaye Kiingereza chake hakikufika hata kwenye salamu, anatikisa kichwa kwa masikitiko pale hasa panapostahili masikitiko. Nilijiuliza miaka mingi alikuwa anaelewa nini.

Siku hizi nadhani hadithi kama zile za nyimbo hizo alikuwa ameshazizoea kwa lugha anayoijua.

Muziki wa kantri ulifika Kenya mapema. Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi, alianza kurekodi mwaka 1927, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Gramafoni zilibeba sauti yake hadi Kericho, na mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakimwimba "Chemirocha", kiumbe nusu mtu, nusu swara. Jina la Rodgers lilikuwa limeshapata kwato.

Huku Magharibi ya Kenya mambo yalikwenda vingine. Gita letu lilisikiliza zaidi Kongo, kwa Jean-Bosco Mwenda na "Masanga" yake, iliyorekodiwa mwaka 1952. Ndipo ukastawi mtindo wa gita wa omutibo, na bingwa wake akawa George Mukabi wa Kisa, Kakamega. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinatembeza sauti ya juu, na mwenzake pembeni anakwaruza mistari ya chupa ya Fanta. Vyombo ndivyo hivyo tu, basi maneno hayana pa kujificha.

Hapo ndipo Mukabi na wale wa kantri wanapofanana, ingawa sidai alijifunza kwao. Wote waliimbia santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ambayo upande mmoja hubeba kama dakika tatu. Huna nafasi ya hapo zamani za kale. Unamkuta mtu katikati ya shida yake, unamtaja kwa jina, unasema alichokosa, unamaliza kabla sindano haijafika katikati. Tazama jina la wimbo wake "Mtoto Si Nguo": ugomvi umeshaanza na gita bado halijalia.

Tena nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili, yeye Mluhya. Simama Malaba kwenye foleni ya malori utaona faida yake: Mteso, Mmarachi, Mjaluo na Mganda wote wanatukanana kwa Kiswahili na kupatanishwa kwa Kiswahili. Wimbo wa Kikisa ungebaki Kisa.

Mukabi aliuawa mwaka 1963 katika ugomvi wa kifamilia, hadithi ambayo angeiimba mwenyewe vizuri kuliko sisi tunavyoisimulia. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, alipokua alishika gita akapiga mtindo ule ule.

Juzi sokoni Bumala niliomba chupa ya Fanta ya kioo. Muuzaji akanipa ya plastiki. Nikaikwaruza kwa funguo, ikatoa sauti ya panya guniani.