Mazonge, Wala Si Matatizo ya Ziada

Katika waraka wa istilahi za tiba ulionifikia hivi karibuni, wakubwa fulani, ambao sitawataja maadamu wao nao hawakunitaja walipolikata kwa wino mwekundu neno nililowapelekea, wameamuru kwamba balaa linalozuka maradhi yanapompindukia mgonjwa liitwe "matatizo ya ziada". Ziada! Kana kwamba mgonjwa amekwenda kununua ndizi sokoni Tarime akaongezwa moja juu ya fungu.

Neno langu lilikuwa mazonge. Asili yake ni kitenzi zonga, nacho ki hai vinywani mwa watu: kamba huuzonga mguu wa mbuzi, wadai humzonga mwenye duka, fikira humzonga mja usiku kucha, na humo humo umetoka mzongo, ule mviringo wa kamba juu ya kamba usiojulikana ncha yake. Huko Mbalibali nilimsikia bibi mmoja, mwenye lafudhi nzito ya Kikurya, akisema juu ya mjukuu aliyempakata, "Homa imemzonga huyu, baba," akanigeuzia shavu la mtoto lililotuna, ilhali jino la nyuma lilitikisika kwa kuguswa na ulimi tu, mithili ya kigingi kilichochomekwa mchangani.

Mashavu ya namna hiyo ndiyo yaliyomshughulisha daktari mpasuaji Denis Burkitt hospitalini Mulago, Kampala, mwaka 1957. Na katika chembe zilizooteshwa kutokana na uvimbe huo wa saratani uliopelekwa London kwa ndege, watafiti Epstein, Achong na Barr wakaviona virusi mwaka 1964. Virusi hivyo aghalabu humwingia mtoto wa kwetu angali mchanga, vikalala katika chembe nyeupe za damu pasipo kishindo; malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe hizo; kisha kromosomu mbili, mara nyingi ya 8 na ya 14, hukatika zikaungana visivyo, saratani ikazuka. Ziada iko wapi hapo?

Waliotaka kuufungua mzongo huo walianza na uzi wa malaria: tangu 1977 hata 1982, watoto wa chini ya miaka 10 wa Mara Kaskazini, Tarime ikiwamo, waligawiwa klorokwini mara mbili kwa mwezi. Saratani ikapungua, ikafika chini kabisa mnamo 1980 na 1981. Walakini ilikuwa imekwisha kuanza kupungua kabla ya vidonge, na malaria nayo ikapanda tena vidonge vikigawiwa, hata wachunguzi wasiweze kuushika uzi mmoja wakasema ndio huu.

Mwenzangu mmoja, hodari wa kuandika magazetini, apendelea "utata". Utata ni wa mikataba na mashairi. Haumtoi mtu jino.

Matumizi ni mepesi: zonge moja, mazonge mengi, mgonjwa kapata mazonge. Hata dawa ina yake, kwani uvimbe huu ukiyeyuka upesi kwa sindano, taka zake huweza kuyalemea mafigo. Waraka wangu wa pili nimeutia posta juzi, nakala tatu, na wino mwekundu nimeutumia mimi.