"Nibip": Nomino Zilivyogeuka Amri Mjini

Wadau, kabla hamjawasema madogo wa sasa kwa "nitag" na "ni-inbox", mchezo huu ni wa zamani sana. Chukua neno jibu. Ni nomino, jibu la swali. Lakini mwalimu akikunja uso na kusema "Jibu!", hiyo ni amri. Hesabu nayo vile vile. Haya yametoka Kiarabuni, na angalia yanavyogoma kubadilika mwishoni: piga inakuwa "nipige", ila jibu inabaki "nijibu". Mlango ulifunguliwa hapo.

Njia nyingine ilikuwa kuisukuma nomino kwa piga: piga simu, piga picha, piga pasi, piga deki. Safi, ila ndefu kwa mwenye haraka. Konda wa daladala hata hiyo hana muda nayo. "Nauli!" Imeisha.

Sasa njoo miaka ya 2000. Simu za mkononi zimefika mtaani, vocha inauma. Bip ni nini? Unapiga, ikiita mara moja unakata, mwenzio anaona namba yako. Mtaa ukaivisha ni- mbele, tukapata "nibip". Watu husema lugha hii haina adabu, mimi nabisha. Kaka mwenye ajira akimwambia mdogo wake anayesafiri "ukifika nibip", maana yake usiguse hela yako, gharama ni juu yangu. Anayeamuru ndiye anayelipa! Adabu ilikuwepo pia, maana shangazi hukumwambia "nibip" kavu kavu. Ulisema "shangazi, naomba unibip nikupigie". Na jamaa aliyetongoza mwezi mzima kwa kubip tu? Huyo alijadiliwa saluni hadi akahama mtaa.

M-Pesa ilipoanza, Kenya 2007 na Tanzania 2008, ombi likageuka kuwa "nirushie", na hapo anayeamuru ndiye anayepokea. Hesabu zikapinduka. Ndo maana namba fulani tunaziangalia zinaita mpaka zinakata zenyewe.

Vifurushi na WhatsApp vikaiua bip taratibu. Siku hizi dada anapost viatu vikali, unauliza bei kistaarabu kabisa, anakujibu "Bei inbox". Nomino mbili, kitenzi hakuna, na wewe huyo, unaenda inbox.