Maktaba Kuu na Wasomaji wa Mbali

Tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Wakazi wa jiji waliiona kuwa ni maktaba yao, na kwa kweli humo ndimo walimokuwa wakiazima vitabu. Lakini ilijengwa kwa kazi pana zaidi: kuwa ghala na karakana ya vitabu vya Tanzania Bara nzima, huku kwetu Njombe kukiwamo.

Wazo hilo lina asili Nairobi. Tangu 1948 ofisi ya East African Literature Bureau ilikuwa ikichapisha vitabu na kuvisambaza kwa masanduku na kwa posta. Mkutubi wake, Sydney Hockey, aliandika ripoti mwaka 1960 akashauri kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na bodi yake ya maktaba. Tanganyika ilitunga sheria ya bodi hiyo 1963, na mwaka uliofuata huduma ikaanza chini ya Mwingereza Max Broome. Baadaye uongozi ukashikwa na Mtanzania, Ezekiel Kaungamno.

Mpango wenyewe ulikuwa na busara ya watu wachache wenye kazi nyingi. Wakutubi waliosomea walihesabika. Chuo cha ukutubi cha Makerere, Uganda, kilikuwa kimefunguliwa 1963 tu. Basi vitabu vilinunuliwa Dar es Salaam, vikaorodheshwa hapo na kadi zake kuandaliwa hapo, kisha vikapelekwa mikoani vikiwa tayari kuingia rafuni. Mtumishi wa tawi alibaki na kazi ya kuazimisha na kudai vilivyochelewa (kazi ngumu kuliko inavyosikika).

Bei ya mpango huo ilikuwa safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Makambako, mji wa Njombe, ni zaidi ya kilomita 600, na kabla ya lami na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa 1976, masika yalikuwa na sauti kubwa katika ratiba ya gari lolote. Hata baada ya reli, treni ilifika Makambako, si Igwachanya, ambako leo ni makao ya wilaya.

Hapo katikati likaja jambo lililobadili wasomaji wenyewe. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na maktaba za vijiji zikafuata kisomo. Waliojifunza kusoma karibuni walihitaji vitabu vya Kiswahili vya kilimo, afya, hadithi. Rafu za maktaba zilijaa Kiingereza. Kwa maoni yangu hili ndilo lililoumiza kuliko umbali: sanduku linaweza kufika salama na lisifunguliwe mara ya pili.

Sheria mpya ya 1975 iliipa Bodi mamlaka mapana zaidi. Kisha miaka ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika, manunuzi yakapungua, na misaada ya vitabu kutoka Uingereza ikawa tegemeo. Ni misaada ya kushukuriwa, ingawa kwa sehemu kubwa nayo ilikuja kwa Kiingereza. Mwaka 1989 chuo cha ukutubi kilianza Bagamoyo, na kazi hii ikawa na chuo chake nchini.

Hadi 2012 Njombe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, na maktaba ya mkoa ilikuwa Iringa mjini. Mwaka huo Njombe ikawa mkoa, Wanging'ombe ikawa wilaya yenye makao Igwachanya, na swali la nani anunue vitabu vya huku, kwa lugha gani, likahamia meza mpya.