Ngomeni Katika Mchezo wa Tarehe

Michezo ya tarehe za historia mtandaoni mingi ina sura moja: tukio latokea kwenye skrini, mchezaji ataja mwaka au apanga matukio kwa mfuatano, na aliyekariri zaidi ndiye mshindi. Baadhi yake humruhusu mchezaji kutunga maswali yake mwenyewe, na hapo ndipo pana faida. Atakayetunga asiingize tarehe yoyote bila sababu iliyoizaa, kwani tarehe isiyo na sababu husahaulika mchezo unapokwisha. Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Malindi, chatosha kuwa ushahidi.

Chukua 12 Desemba 1970. Siku hiyo roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, ikibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza eksirei zitokazo angani. Iliitwa Uhuru kwa sababu Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba tangu ijitawale. Anayelijua jina hana haja ya kukariri siku wala mwezi. Mahali nako kuna sababu: karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi inapoelekea mashariki. Hapa pia pana mtego mzuri wa swali. Wengi watajibu kwamba setilaiti ya kwanza ya Waitalia, San Marco 1, ilirushwa Ngomeni, ilhali iliruka kutoka Wallops, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964. Zamu ya Ngomeni ilikuja na San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967.

Kwa karne za nyuma, sababu itafutwe katika pepo. Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa hapo, na tarehe 20 Mei alikuwa pwani ya Calicut. Kurudi hakungoja kaskazi ikae sawa. Aliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, akafika Malindi tarehe 7 Januari 1499, mabaharia wengi wakiwa wamekufa njiani. Ukiuliza kwa nini kwenda kulichukua wiki nne na kurudi miezi mitatu, umefundisha tarehe nne kwa swali moja.

Yuko atakayesema kwamba historia bila mwaka kamili ni hadithi tu, na kwamba mchezo unahitaji jibu moja la kupimia. Ni kweli, mwaka usiachwe. Lakini si kila jambo la kale lina mwaka mmoja wa hakika. Mabaki ya meli ya Kireno, yenye shaba na pembe za ndovu, yaliyogunduliwa karibu na Ngomeni mwaka 2013, watafiti wanakisia huenda ni ya São Jorge, iliyopotea mwaka 1524. Kumtoza alama anayejibu “mwanzo wa karne ya 16” ni kuadhibu jibu lililo salama kuliko la kitabu. Basi mtunzi atoe alama nusu kwa mfuatano sahihi, kamili kwa mwaka, akubali kipindi pale ushahidi unapokoma, na chini ya kila jibu aandike sentensi moja ya sababu. Sentensi hiyo ikimshinda kuiandika, swali hilo aliondoe.