Kisima kikitoka kikavu, mpimaji anawajibika vipi?

Kijiji kimechanga, gari la kuchimba limefika, mita zimehesabiwa, maji hakuna. Swali la kwanza huwa: mpimaji katudanganya? Msikilizaji wetu wa Lalago, kabla ya kujibu tutenganishe mambo mawili: kukosea na kukiuka taaluma.

Kipimo hakioni maji

Sehemu kubwa ya Usukumani imekaa juu ya mwamba wa itale. Maji hujificha kwenye nyufa za mwamba huo na sehemu zake zilizolika. Mtaalamu wa jiofizikia huchomeka vyuma vinne ardhini, hupitisha umeme, kisha hupima jinsi ardhi inavyouzuia. Mwamba mkavu huuzuia sana, wenye maji huuzuia kidogo. Lakini udongo mzito wa mbugani na maji ya chumvi navyo hupitisha umeme kirahisi. Kwa hiyo hata mpimaji mwaminifu anaweza kukosa maji.

Kosa la kitaaluma ni lipi?

Ni kuandika namba ambazo hakupima, kuahidi maji kwa uhakika wote, kufanya kazi kwa leseni ya mwingine, au kuficha kwamba analipwa na mchimbaji.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, pamoja na kanuni za mwaka 2013, inataka anayetafiti au kuchimba maji chini ya ardhi awe na leseni. Jirani zetu Kenya walitunga sheria ya kusajili wanajiolojia mwaka 1993. Bodi yao inatunza daftari la majina, na anayekiuka maadili anaweza kuondolewa humo.

Jambo moja wengi hawalijui: kumnyang'anya mtu leseni hakurudishi fedha zenu. Kunawalinda wanakijiji watakaofuata. Fedha zenu zinadaiwa kwa mkataba, na pasipo maandishi madai huwa magumu.

Kabla ya kulipa

- Omba leseni, piga picha kwa simu, kisha ihakiki kwa ofisi ya RUWASA ya wilaya au ofisi ya bonde la maji.
- Andikianeni mkataba unaosema nani atabeba gharama kisima kikikosa maji.
- Dai ripoti yenye alama za mahali, jedwali la vipimo, kina kinachopendekezwa na sehemu ya pili ya kujaribu.
- Watu wawili wa kamati ya maji wawepo siku ya kupima.
- Maji yakipatikana, yapimwe maabara, hasa madini ya floraidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Mkitaka kulalamika

Pelekeni mkataba, ripoti, risiti na kumbukumbu za uchimbaji kwa RUWASA au ofisi ya bonde. Msiandike tu kwamba kisima ni kikavu. Onyesheni kile mpimaji alichopaswa kufanya na hakukifanya. Hapo ndipo malalamiko yenu yatakapopata uzito.